Simu za magerezani Marekani: ndugu wa mfungwa anahakikiwa hadi sauti, anayemsikiliza hahakikiwi na mtu

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wake. Wengi wetu tunaoishi Marekani tuna ndugu, jirani au mtoto wa rafiki aliyewahi kushikiliwa katika mahabusu ya kaunti au kufungwa katika gereza la jimbo, lakini jambo hili hulisema kwa kunong'ona kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ndiyo inayozipa kampuni za simu za magerezani nafasi ya kututenda zinavyotaka. Lalamiko langu ni moja. Mfumo unaoitwa "salama" unamhakiki ndugu wa mfungwa kila anapopokea simu, unachukua jina lake, anwani yake, kadi yake ya benki na pengine sauti yake. Lakini wanaozishika taarifa hizo hawahakikiwi na yeyote, na sisi wenyewe hatupewi njia ya kujua kama anayetupigia kwa jina la gereza yuko gerezani kweli.

Kwa wasioufahamu utaratibu, mfungwa hapigi simu kama tunavyopiga sisi. Ana namba yake ya siri, ana orodha ya namba zilizoidhinishwa, na katika magereza mengi hutakiwa kutamka jina lake au sentensi fulani ili mtambo uilinganishe sauti hiyo na ile iliyohifadhiwa. Simu ikikufikia, sauti ya mashine inakutajia jina la gereza, inakuonya kwamba mazungumzo yanarekodiwa, kisha inakutaka ubonyeze kitufe kukubali. Kabla ya hapo umeshafungua akaunti na kuweka fedha. Sehemu kubwa ya biashara hii imeshikwa na kampuni mbili, Securus na ViaPath, ambayo zamani ilijulikana kama Global Tel Link, na mkataba huandikwa kati ya kampuni na gereza au ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti. Ndugu anayelipa hana sauti katika mkataba huo, wala hawezi kuhamia kampuni nyingine.

Januari 2019 gazeti la mtandaoni The Intercept lilieleza jinsi magereza ya majimbo kadhaa, New York likiwemo, yalivyokuwa yakikusanya alama za sauti za wafungwa, huku wanaokataa wakiwa hatarini kupoteza haki ya kupiga simu. Mtu aliye ndani, ambaye simu ndiyo njia pekee ya kumsikia mwanawe, anaulizwa kama anakubali. Hiyo si ridhaa. Teknolojia hiyo hiyo inaweza pia kuchambua sauti ya aliyepokea simu, yaani mama yako, mkeo, au mtoto wa miaka saba aliyepewa simu amsalimie baba yake. Hao hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Na tusisahau kwamba wengi walioko mahabusu za kaunti bado hawajahukumiwa. Wamo humo kwa sababu wameshindwa kulipa dhamana.

Tunaambiwa tutoe taarifa hizi kwa ajili ya usalama, basi tutazame usalama wenyewe ulivyo. Agosti 2020 taarifa za watumiaji wa Global Tel Link na kampuni zake tanzu ziliwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa ajili ya kufanyia majaribio programu, zikaachwa bila ulinzi. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipoishughulikia kesi hiyo mwaka 2023, ilieleza kwamba taarifa za watu wapatao 650,000 ziliachwa wazi, zikiwemo namba za hifadhi ya jamii, namba za leseni za udereva na za pasipoti, pamoja na ujumbe uliotumwa kati ya wafungwa na jamaa zao. Kampuni ilichukua takriban miezi tisa ndipo ikawajulisha watu, na hata hapo ikawajulisha wapatao 45,000 tu. Ninaomba msomaji arudie namba hizo mbili. Mhamiaji anayesubiri makaratasi yake, aliyetoa namba ya pasipoti ili azungumze na kaka yake, anaweza kuwa kati ya mamia ya maelfu ambao hawakuambiwa lolote.

Ikiwa hilo halitoshi, kuna kisa cha Cory Hutcheson, aliyekuwa sherifu wa kaunti ya Mississippi katika jimbo la Missouri. Mbali na simu za wafungwa, Securus iliwauzia maofisa wa usalama huduma ya kutafuta simu ya mkononi ya mtu yeyote ilipo, kwa taarifa zilizotoka kwa kampuni kubwa za simu. Sharti lilikuwa ofisa apakie hati inayomruhusu kisheria. Hutcheson alipakia karatasi zisizohusiana kabisa: bima yake ya afya, bima ya gari lake, kurasa za kitabu cha mafunzo ya masherifu. Mfumo ukampa alichotaka. Aliwafuatilia watu kwa njia hiyo, wakiwemo jaji na askari wa doria ya barabara kuu, hadi alipofikishwa mahakamani na kufungwa. Aprili 2024 Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, ilizitoza kampuni hizo kubwa za simu faini ya jumla ya karibu dola milioni 200 kwa kugawa taarifa za mahali walipo wateja, nazo zikaenda mahakamani kuipinga. Mimi ninachokitazama ni kile kitendo cha kupakia bima ya gari na kukubaliwa. Mama yangu mdogo amewahi kukataliwa akaunti kwa sababu jina lake la ndoa halikulingana na lililo kwenye kadi ya benki. Sherifu alipakia hati ambayo yeyote anayejua kusoma angeiona haihusiani, na hakuna aliyeisoma.

Mawakili nao hawajasalimika, ingawa mazungumzo ya mtu na wakili wake ni siri inayolindwa na sheria na namba zao hutakiwa kuondolewa kwenye kurekodiwa. Novemba 2015 The Intercept ilichapisha habari za rekodi zaidi ya milioni 70 za simu zilizochukuliwa kutoka Securus na mtu aliyeingia kwenye mfumo wao bila idhini, na ndani yake zilipatikana simu zisizopungua 14,000 zilizopigwa kwa mawakili. Miaka mitatu baadaye, katika kaunti ya Orange huko California, ikabainika kwamba simu za mahabusu kwa mawakili wao zilirekodiwa, maelezo yakiwa ni hitilafu ya kiufundi. Mtambo unaodai kuitambua sauti ya mfungwa mmoja kati ya maelfu unashindwaje kuitambua namba ya wakili iliyoandikishwa?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo ni kwamba uhakiki huu haufanyi kazi kwa upande wetu hata kidogo. Mahabusu nyingi za kaunti huweka kwenye tovuti zao majina ya waliokamatwa, picha zao, mashtaka na kiasi cha dhamana, na kila mtu anaweza kusoma. Matapeli husoma. Humpigia ndugu, hujitambulisha kama ofisa wa sherifu au wakala wa dhamana, hutaja jina kamili, tarehe ya kukamatwa na shitaka, kisha husema kijana anaweza kutoka leo hii endapo fedha za kifaa cha kufungwa mguuni ili afuatiliwe alipo zitatumwa haraka kwa njia ya simu. Katika familia yetu simu ya namna hiyo ilipokelewa na shangazi, na namba iliyojitokeza kwenye kioo ilikuwa ileile ya mahabusu ambayo mtoto wake alikuwa akishikiliwa. Alituma. Alipopiga mwenyewe mahabusu hiyo kuuliza kijana anatoka saa ngapi, alijibiwa kwamba hakuna malipo ya aina hiyo na akashauriwa "awe mwangalifu".

Awe mwangalifu kwa kutumia nini? Namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, na hilo linajulikana serikalini muda mrefu. Mwishoni mwa 2019 Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na simu za kitapeli, na kufikia tarehe 30 Juni 2021 kampuni kubwa za simu zilitakiwa ziwe zimeanza kuzitia simu saini ya kidijitali kwa teknolojia iitwayo STIR/SHAKEN, ili mtandao unaopokea ujue kama namba ni ya kweli. Lakini saini hiyo hupotea simu inapopita kwenye mitandao ya zamani isiyotumia intaneti, na hata ikifika salama inathibitisha namba tu, haimthibitishi mtu anayezungumza. Siku hizi sauti inaweza kuigwa kwa mashine kiasi kwamba Februari 2024 FCC ililazimika kutangaza kuwa simu za kiotomatiki zenye sauti za akili bandia zinaingia katika sheria inayozibana sauti za bandia. Kampuni za simu za magerezani tayari zina akaunti yangu, namba yangu na programu yao ndani ya simu yangu. Zingeweza kunitumia taarifa kila gereza linaponipigia kweli, au kunipa neno la siri ambalo mpigaji wa kweli lazima alitaje. Zinapotaka fedha, taarifa hunifikia mara moja. Inapokuwa ni kunilinda mimi, hakuna kitu.

Halafu kuna hili la kukatiwa simu. Mifumo hii hutafuta dalili za kuunganishwa mtu wa tatu, na ikihisi hivyo hukata, na mfungwa anaweza kuadhibiwa kwa kunyimwa simu. Wenye nyumba za Waswahili mnanielewa. Kwetu simu haina mwenyewe. Inatoka kwa mama inakwenda kwa bibi, inapita kwa watoto, mtu anadakia kutoka jikoni. Kila sauti mpya, mwangwi wa spika au ukimya wa mtu anayetoka chumba kimoja kwenda kingine, ni sababu ya mtambo kushuku. Na bibi aliyeko Tanga afanyeje? Hana kadi ya benki inayokubalika kwenye mfumo huo, ana M-Pesa. Simu ya kimataifa ni ghali. Mjukuu wake aliye ndani anaruhusiwa dakika chache tu. Ndugu wakijaribu kumuunganisha ili wasalimiane, simu inakatika, dakika zimeliwa, na kijana anaitwa kujieleza kama mtu aliyepanga uhalifu. Salamu ya bibi!

Najua kuna wafungwa wanaotisha mashahidi na wanaotapeli, na sijaomba magereza yaache kuwachunguza. Lakini mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani walipotangaza kesi ya wafungwa wa South Carolina waliowatapeli wanajeshi 442 zaidi ya dola 500,000 kwa vitisho vya picha za utupu, njia iliyotumika ilikuwa simu za mkononi zilizoingizwa gerezani kwa magendo. Mtu mwenye simu ya magendo hatamki jina lake kwenye mtambo. Anayetamka ni yule anayemtafuta mama yake kwa njia halali.

Na gharama ya kuchunguzwa tunalipa wenyewe. Martha Wright, bibi asiyeona wa mjini Washington, alifungua kesi mwaka 2000 pamoja na familia nyingine kwa sababu gharama za simu za mjukuu wake aliyefungwa zilimmaliza mfukoni. FCC ilichukua hatua mwaka 2013, naye akafariki mwaka 2015. Sheria yenye jina lake ilisainiwa Januari 2023. Mwaka uliofuata FCC iliweka kikomo cha senti 6 kwa dakika kwa magereza, ikapiga marufuku ada za pembeni, na ikasema sehemu kubwa ya gharama za kurekodi na kuchunguza si za kumbebesha mpigaji. Juni 2025 tume hiyohiyo iliahirisha utekelezaji hadi Aprili 2027, na Oktoba 2025 ikapandisha vikomo. Hoja iliyotolewa ilikuwa usalama. Usalama upi, wa shangazi yangu?

Ninachokitaka kinajulikana na kinawezekana. Sauti ya aliye nje isichukuliwe kamwe, na ya aliye ndani ifutwe siku anayoachiwa. Kila anayefungua rekodi ya simu, awe sherifu au mfanyakazi wa kampuni, aache alama ya jina lake na sababu, na mtu huru azikague alama hizo. Taarifa zikivuja, kila aliyeguswa aambiwe ndani ya siku chache. Mahabusu ziache kuanika kiasi cha dhamana na picha mtandaoni bila kuweka hapohapo namba moja ya ndugu kupiga na kuthibitisha, inayopokelewa na binadamu usiku na mchana.

Nimemwandikia mbunge wa jimbo letu na ninaendelea kufuatilia. Ninawaomba waliopokea simu za matapeli wa dhamana waeleze hapa namba iliyojitokeza ilikuwa ya namna gani na fedha ziliombwa kupitia wapi, bila kutaja jina la aliyefungwa wala namba zake. Na walioko Connecticut, California, Minnesota na Massachusetts, ambako simu za magereza ya jimbo sasa ni bure kwa familia, tafadhali mtuambie: kwenu bado mnatakiwa kuandikisha nini kabla ya simu ya kwanza kupita, na je, kuna aliyewahi kuomba taarifa zake zifutwe akajibiwa kwa maandishi?

Mawakili mliomo humu, ninaomba pia ushauri kuhusu namna ya kuandika barua ya kuiomba kampuni ifute taarifa za mtu, kwa sababu niliyoiandika mimi haijajibiwa.