Wikendi ya ubao wa tanga bara: Naivasha, Kisumu, au twende mbali zaidi?

Joshi_Nrb
Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu, tunacheza ubao wa tanga, yaani windsurfing (si kaiti, tafadhali msinilete kwenye kaiti). Tumezoea Diani na Kilifi, lakini kazi imetubana Nairobi na pwani kwa wikendi moja ni kujichosha bure. Tunataka ziwa: tutoke Ijumaa jioni, Jumapili usiku tuwe nyumbani. Matanga tuliyonayo ni ya mita za mraba 4.7 na 5.5. Mmoja wetu bado anajifunza kugeuza. Nimefikiria Naivasha, Kisumu na Baringo. Wapi upepo ni wa kuaminika, na wapi tutarudi na miguu yetu yote?

Mkaa_Ziwani
Karibuni Naivasha, ila msije na haraka ya asubuhi. Asubuhi ni shwari, mtakaa mnatazamana. Upepo huanza kujitikisa baada ya chakula cha mchana, na saa tisa hivi mkiona povu jeupe katikati ya ziwa ndiyo wakati wenu. Jua likishuka, nao unashuka. Kwa hiyo siku yenu ya mchezo ni muda wa saa tatu au nne tu, basi. Asubuhi nendeni hifadhi ya Hell's Gate mkapande baiskeli.

Sasa viboko, maana najua ndilo swali lenyewe. Mchana wamo majini, karibu na mafunjo na vighuba vya maji mafupi. Mashua ya injini wanaisikia ikija, wanasogea. Ubao wa tanga hauna sauti, unamfikia kiboko kabla hajajua kuna kitu. Hapo ndipo hatari ilipo. Halafu kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika kama tano, kwa hiyo kutazama mara moja na kusema "pako wazi" ni kujidanganya. Kaeni ufukweni dakika kumi mkitazama sehemu moja bila kupiga stori. Mkiona masikio mawili na pumzi inarushwa, hameni. Waulizeni vijana wa mashua za watalii. Wanajua kundi lipi liko wapi wiki hii.

Kitu kingine ambacho watu wa pwani hawakitegemei: maji yalipopanda mwaka 2020 yalimeza migunga ya ufukweni. Mingi imekauka imesimama majini, na mingine imekatikia chini ya uso wa maji. Pezi la ubao likigonga kisiki kwa mwendo ule, wewe unaendelea na safari peke yako.

FundiTanga
Kabla hamjachagua ziwa, angalieni matanga. 4.7 na 5.5 ni matanga ya Diani kusi (upepo wa kusini) ikiwa imekaza. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita. Nguvu ya upepo kwenye tanga inapungua kwa kiasi hichohicho. Maana yake 5.5 yako kule itavuta kama 4.6 ya pwani, hata kama kipimo cha upepo kinaonyesha mwendo uleule. Watu hufika wakaona povu juu ya maji, wakaingia, wakashangaa mbona ubao hauinuki. Kisumu (mita 1,134) upungufu ni kama sehemu moja ya kumi tu. Tafuteni 6.5 au 7, na ubao wenye ujazo mkubwa kwa huyo mwanafunzi, maana kwenye maji baridi ya ziwa ukianguka huinui tena tanga ukicheka kama Kilifi.

Nyar_Dunga
Naona wote mnaipigia Naivasha debe kwa sababu iko kilomita 90 tu kutoka Nairobi. Haya. Ila kwa upepo wa ziwani unaojua ratiba yake, Victoria haina mpinzani. Nchi kavu inapata joto mchana, upepo unatoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo yanageuka.

Lakini sitawadanganya kuhusu Kisumu mjini. Ghuba ya Winam ina gugu maji, na gugu maji halikai sehemu moja. Unalala ufukwe uko wazi, unaamka pamekuwa bustani. Upepo unalisukuma lote upande mmoja, na ukigeuka linarudi. Ndiyo maana wageni wa ubao nawaambia waende Mbita na kisiwa cha Rusinga, nje ya ghuba, maji wazi. Tatizo ni barabara: Ijumaa jioni hamfiki, mtafika Jumamosi mmechoka. Kwa siku tatu ningesema twende. Kwa siku mbili, hapana.

Halafu tahadhari mbili. Mawingu yakianza kujenga upande wa milima ya Nandi na Kericho alasiri, tokeni majini. Usingoje radi ya kwanza ili uamini, umeshikilia mlingoti. Na kichocho kipo. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani palepale mnaposimama kufunga tanga. Ingieni haraka, msichezecheze kwenye kina cha magoti.

Mkaa_Ziwani
@Nyar_Dunga dada, umeanza vizuri ukamalizia na kichocho, sasa nani atakuja kwenu? 😀

Nyar_Dunga
Heri aje akijua. Na kinatibika: praziquantel ipo hospitalini. Ila dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaiacha, kwa hiyo kukimbilia dawa Jumatatu asubuhi hakusaidii kitu. Subiri wiki kadhaa, upimwe, ushauriwe na daktari.

Mwana_wa_Shela
Mie nawasoma tu nacheka, mnahesabu masaa ya upepo kama watu wa mgao wa umeme. Pwani kusi ikianza ni miezi. Lakini kwa vile mmeamua kucheza kwenye maji matamu, tazameni jambo moja tu ambalo hata baharini ndilo hutuondolea watu: upepo unaelekea wapi ukitoka pale ulipo? Ukikupeleka nje, kamba ya mlingoti ikikatika hurudi. Ukikurudisha ufukweni, la kuharibika litaharibika, utatembea kwa miguu mchangani. Mwanafunzi wenu asiingie kamwe kwa upepo unaotoka nchi kavu, uwe mdogo vipi. Hajui kubisha huyo, yaani kurudi kinyume na upepo. Kila dakika anaenda mbali.

Chapuchapu
Kwa nini hakuna anayetaja Turkana? Upepo wote wa Kenya uko kule.

FundiTanga
@Chapuchapu kwa sababu jamaa ana siku mbili. Upepo upo kweli, mitambo 365 ya umeme wa upepo, jumla megawati 310, haikupelekwa kule kwa bahati nasibu. Lakini soma alichoandika Mwana wa Shela hapo juu. Upepo wa Turkana unatoka kusini mashariki, na Loiyangalani iko ufukwe wa mashariki. Unakuchukua moja kwa moja mpaka katikati ya ziwa lenye mamba. Baringo nako ni mamba na viboko pamoja, kwa hiyo pia nimeitoa kwenye orodha yako, samahani.

Mnyakyusa_Halisi
Wakuu, najua haiwafai Nairobi, lakini uzi huu unasomwa na sisi wa Mbeya pia. Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kuanzia Mei mpaka Agosti mwera unavuma kutoka kusini, na kusini ya Matema ni maji matupu mamia ya kilomita. Upepo unakurudisha ufukweni, kama alivyotaka ndugu wa Shela. Ubaya wake ni kwamba mawimbi yamepata nafasi ya kukua njia yote hiyo. Kutoka ufukweni ndiyo kazi: unasimama maji ya kiuno, ubao unataka kukupiga mbavu, wimbi la tatu linakuja kabla hujapanda. Ukishavuka hapo, raha. Jumamosi mkipumzika kuna soko la Lyulilo, vyungu vya Wakisi vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi. Mamba ulizeni wenyeji, hasa upande wa midomo ya mito.

Rubavu_Kwetu
Kwa huyo anayejifunza, Ziwa Kivu, huku kwetu Rwanda. Hakuna mamba, hakuna viboko. Upepo wetu ni mdogo, mtaalamu atasinzia, lakini mwanafunzi atageuza tanga mpaka azoee. Muhazi pia, karibu na Kigali, ni jembamba hivyo huwezi kupotea. Mje likizo, si wikendi.

Joshi_Nrb
Asanteni sana wote. Tumekubaliana Naivasha safari hii, na Rusinga tutaiwekea siku nne mwezi Agosti, @Nyar_Dunga jiandae. Mwanafunzi ataingia alasiri mapema kabla upepo haujakaza, jaketi okozi mwilini, na tutalipia mashua moja ikae karibu. Swali la mwisho: tulale wapi tukiwa na hema?

Mkaa_Ziwani
Mashua ndiyo akili, na mwambie nahodha awashe injini, asizime: viboko waisikie. Kambi ziko nyingi barabara ya South Lake. Chagueni yenye waya wa umeme upande wa ziwa, na muulize unawashwa saa ngapi, kuna wanaosahau. Giza likiingia viboko wanatoka kula nyasi. Matanga msiyaache nje ya waya yametandazwa chini yakauke. Kiboko hatayaona kama kitu cha kukwepa.

Joshi_Nrb
Sawa mkuu. Sasa Nairobi hii nani ana tanga la 6.5 kwenda juu la kuazima?

FundiTanga
Ninalo 6.8. Lina kiraka kwenye dirisha lakini linavuta. Nitumie ujumbe, uje na mlingoti wako tuone kama unaingia.