Mjadala: Anayeanza lugha ya programu ya C afundishwe pointa (kigezo kinachobeba anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) pamoja na stringi (maandishi), au pointa ziachwe mpaka baadaye?

Mtoa mada: Wakuu, mimi nasema zisiachwe. C haina aina ya data iitwayo stringi. Kuna baiti zilizopangana mfululizo, ya mwisho ikiwa ni '\0', yenye thamani 0. Neno "habari" lina herufi 6 lakini linakula baiti 7. Asiyejua hilo ataomba nafasi kwa malloc(strlen(s)), na strlen huhesabu herufi bila '\0', kisha strcpy, inayonakili maandishi, itaiweka '\0' nje ya nafasi aliyoomba. Kibaya zaidi, programu inaweza kukubali kwa muda mrefu, halafu ikaanguka siku nyingine, sehemu isiyohusiana kabisa. Dawa ni malloc(strlen(s) + 1), na hiyo + 1 si ya kukariri.

Mpinzani: Napinga, mkuu. Ukimrundikia mtu anwani, nyota (*) na & siku ya tatu, anakata tamaa. Mpe char jina[20]. Na scanf("%19s", jina) ya kusoma anachochapa. Aone programu yake inafanya kazi. Mweleze kuwa nafasi ni 20 na moja ni ya '\0'. Inatosha.

Mtoa mada: Haitoshi. Kwenye int umri (namba nzima) ulimwambia aandike &umri ndani ya scanf, yaani anwani ya umri. Hapa umeandika jina tupu, bila &. Akiuliza kwa nini, utamjibuje bila kumwambia kwamba jina la safu (array, kama char jina[20]) likipelekwa kwenye fanksheni hugeuka kuwa anwani ya herufi yake ya kwanza? Kesho ataandika if (jibu == "ndiyo") na sharti halitatimia hata akichapa ndiyo, kwa sababu == inalinganisha anwani mbili, si herufi. Anatakiwa kutumia strcmp(jibu, "ndiyo") == 0.

Mchangiaji wa tatu: Naomba niongezee. Wengi hukwama kwenye mistari hii miwili:

char a[] = "habari";
char *p = "habari";

Ukiandika a[0] = 'k'; unapata "kabari", maana a ni nakala yako mwenyewe. Ukiandika p[0] = 'k'; umevunja kanuni za lugha, na kwenye Linux kwa kawaida programu inauawa papo hapo, kwa kuwa maandishi yale yamewekwa kwenye kumbukumbu ya kusomwa tu. Andika const char *p, kompaila itakukatalia mapema. Tena, kwenye mashine ya biti 64, sizeof a (idadi ya baiti zake) ni 7, sizeof p ni 8, ukubwa wa pointa yenyewe. Huwezi kulieleza hilo ukiwa umeificha pointa.

Mpinzani: Hapo kwenye sizeof nimekuelewa. Basi anwani zifundishwe kwa kuzichapa: printf("%p %p\n", (void *)a, (void *)&a[1]); aone zinapishana kwa 1. Ila malloc na pointa ya pointa bado nasema zingoje. Na tangu siku ya kwanza akompaili kwa gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address, aoneshwe mstari uliovuka mpaka.

Mchangiaji wa tatu: Sawa kabisa. Pia tuache kumwambia kwamba strncpy (strcpy yenye kikomo cha herufi) ni salama: chanzo kikijaza nafasi yote, haiweki '\0'. Bora snprintf(jina, sizeof jina, "%s", chanzo).

Mtoa mada: Mradi jina ni safu iliyotangazwa hapohapo. Akiuhamishia mstari huo ndani ya fanksheni inayopokea char jina[20], sizeof jina itampa 8, kwa kuwa humo jina ni pointa, na jina refu litakatwa kwenye herufi ya 7. Ukubwa lazima aupitishe kama hoja ya pili.