Printa ya zamani inachelewa mno kwenye Linux

Muulizaji, Arua: Habari zenu wakuu. Nina kiduka cha kuchapa na fotokopi. Printa yangu ni ya leza, ya mtumba, memori MB 16 tu. Tangu niweke Ubuntu (aina ya Linux), barua za kawaida zinatoka haraka, lakini PDF yenye nembo ya shule inakaa dakika nne: taa ya kijani inapepesa, karatasi haiji. Jana mwalimu alileta mtihani wa kurasa 12, akasubiri mpaka giza likaingia. Inaniuma, wateja hawa ndio karo ya wanangu.

Fundi, Koboko: Pole sana ndugu. Kazi ikikwama, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike `top`, uone programu zinazoitumia kompyuta zaidi. Ukiona `gs` (Ghostscript, programu ya kutafsiri PDF) iko juu kabisa, kompyuta ndiyo inayohangaika kugeuza PDF kuwa nukta.

Muulizaji: `gs` ilikaa juu sekunde chache, ikatoweka. Taa bado inapepesa.

Mchapaji, Kampala: Basi mzigo umekwama kwenye printa. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 1200 kwa inchi ni karibu MB 17 kabla ya kubanwa, na wewe una 16! Fungua `localhost:631` (ukurasa wa kusimamia printa kwenye kompyuta yako) kwenye kivinjari, ingia mipangilio ya printa, shusha hadi 600. Hapo inabaki robo, kama MB 4. PCL na PostScript ni lugha mbili za kuielezea printa ukurasa; kama yako inakubali PCL, weka draiva (programu ya kuiendesha printa) ya PCL badala ya PostScript; kwa memori ndogo mimi naiamini zaidi.

Muulizaji: 600 na PCL: ukurasa wa kwanza sekunde 20, nembo bado safi. Asanteni sana jamani, nampigia mwalimu simu sasa hivi.