Naomba ushauri: mama ametolewa hogo (plasta ngumu ya mkono uliovunjika) ila vidole havikunji

Habari za jioni ndugu zangu, naombeni ushauri hasa mliosomea mambo ya mifupa au mliopitia hii hali. Mama yangu ana miaka 61, tunakaa Chamwino hapa Dodoma, aliteleza akitoka kuteka maji akaangukia kiganja, eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono, ule wa upande wa kidole gumba. Akafungwa hogo wiki 6, juzi limetolewa na daktari kaangalia picha mpya kasema umeunga vizuri.

Shida sasa ni mkono wenyewe. Umekonda kuliko mwenzake, ngozi inabanduka magamba, na vidole vinagoma kukunja, jana alishika mwiko asonge ugali ukamponyoka, akanyamaza tu, roho iliniuma sana. Aliambiwa afanye mazoezi lakini hakuonyeshwa yapi. Mimi namwekea mkono kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni halafu anaminya soksi niliyoikunja kama mpira, naona kidole cha shahada kimeanza kulegea kidogo. Bamdogo anang'ang'ania tumpeleke kwa fundi wa kuunga mifupa akavutwe, mimi naogopa jamani, si bado mbichi ule mfupa?

Naomba kujua, huu ugumu ni misuli na kano tu kwa kufungwa muda mrefu au kuna kingine? Na dagaa wa kutafuna na mifupa yake pamoja na maziwa vinamtosha kwa kalsiamu, au kwa umri wake aongezewe vidonge?