Kumwandika shujaa mwenye imani: Kurt Wagner afikeje Namugongo?

Kalamu ya Mukono aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika hadithi inayonishinda. Kwa miezi mitatu sasa ninaandika hadithi ya mashabiki, yaani ile ambayo shabiki huitunga kwa kumtumia mhusika wa mwandishi mwingine, kuhusu Kurt Wagner, yule shujaa wa Kijerumani aitwaye Nightcrawler, ambaye wasomaji wa katuni walikutana naye kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Kwa wasiomfahamu, ngozi yake ni ya buluu, macho yake ni ya manjano, ana mkia wenye ncha na vidole vitatu kila mkono, na anaweza kutoweka hapa akatokea kule kwa kufumba na kufumbua, akiacha nyuma moshi unaonuka kiberiti. Kwa sura ni yule shetani tuliyekuwa tukimwogopa katika picha utotoni. Kwa dini ni Mkatoliki, na si wa jina tu.

Katika hadithi yangu anakuja Uganda kwa hija ya Namugongo ya tarehe 3 Juni, ya kuwakumbuka mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao. Sura niliyoiandika inamtokeza ghafla mbele ya altare, moshi unatanda, mahujaji wanapiga mayowe, naye anainua rozari na kutoa hotuba ndefu kuhusu mtu kuumbwa kwa mfano wa Mungu, mpaka watu wanatulia. Nilimsomea dada yangu alipokuwa akichambua maharage. Hakuinua macho, aliniuliza jambo moja tu: "Ukimwondolea hiyo rozari, hadithi itabadilika wapi?" Nilitafuta jibu nikalikosa, kwa kuwa haibadiliki popote. Basi nawauliza ninyi: imani ya shujaa iingie vipi katika matendo yake, isiwe pambo la shingoni wala mahubiri yangu mimi niliyomtia mdomoni?

Katekista wa Masaka alijibu:

Mwanangu, katuni nimezijua juzi tu kupitia wajukuu, lakini Namugongo ninaijua. Kosa la sura yako si hotuba. Kosa ni kwamba Kurt amefika pale bila kutembea.

Itazame hija yenyewe. Watu huondoka huku kwetu Masaka kwa miguu, zaidi ya kilomita 120 hadi Kampala na bado safari haijaisha, na wengine hutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ilhali magari yapo na nauli wengi wao wanayo. Marehemu mke wangu alikwenda hivyo mara moja. Alirudi kucha mbili za miguu zikiwa zimegeuka nyeusi, na jirani alipomuuliza kwa nini hakupanda basi, alijibu kwamba basi lingembeba yeye, lakini lisingeibeba nia yake. Sasa mweke barabarani mtu ambaye hata basi halihitaji, anayeweza kuruka kutoka kilima hadi kilima akamaliza safari kabla uji haujapoa, kisha mfanye aamue kutembea. Msomaji ataiona imani yake bila kuambiwa neno. Mwondolee imani hiyo na safari nzima itaporomoka, maana asiyeamini hana sababu ya kuchubuka miguu.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ningependa usilipite mbio. Kazi ya Kurt ni kuokoa watu, naye anakwenda mahali panapoheshimiwa kwa sababu ya watu ambao hawakuokolewa. Charles Lwanga aliteketezwa pale tarehe 3 Juni 1886, katika utawala wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na siku hiyo hiyo vijana wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, waliviringishwa katika mikeka ya matete wakachomwa. Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka kama 14, na Lwanga alikuwa amembatiza siku chache tu kabla. Shujaa wako atakaposimama katika basilika, mbele ya altare iliyojengwa mahali Lwanga alipofia, mwili wake wote utamwambia kwamba yeye angeweza kuingia katika moto ule, akamshika Kizito mkono na kutoweka naye. Je, Kizito angekubali kushikwa? Usilijibu swali hilo upesi. Mwache Kurt alale nalo kwenye nyasi katikati ya mahujaji, halafu asubuhi umpeleke kwenye kitubio. Mimi ningemfanya aungame kwamba amewakasirikia mashahidi. Mtu aliyezoea kuokoa wengine anaweza kuwa na hasira ya namna hiyo, na hasira hiyo haiwezi kumjia asiyekuwa na imani.

Binti wa Bombo alijibu:

Asalaam aleikum. Ninaafikiana na Mzee Katekista, nami naongeza la upande wetu. Mfano ninaoupenda ni Kamala Khan, yule msichana Mwislamu wa Jersey City mwenye asili ya Pakistani, aliyepata mfululizo wake mwenyewe wa katuni mwaka 2014. Anapomwokoa mtu kwa mara ya kwanza, anaikumbuka ile aya ya Kurani isemayo kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Aya hiyo haimwongezei nguvu hata chembe. Inamjia kwa sababu ameisikia nyumbani, kama vile mimi ninavyomsikia bibi yangu anapovuta tasbihi kila alfajiri. Kwa hiyo, kaka Kalamu, nakusihi usiifanye sala kuwa chaji ya nguvu za Kurt, kwamba akisali anaruka mbali zaidi. Waandishi wengi huangukia hapo, na mtu anayesali kweli huona mara moja kwamba mwandishi hajawahi kusali.

Pia usidharau maswali madogo ya sheria za dini. Nguvu za Kurt zilinifanya niwaze: Mwislamu anayesafiri mbali huruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili. Vipi kwa yule ambaye safari yake huchukua muda wa kufumba macho, wala hachoki? Wanazuoni wengi hutazama umbali, si uchovu, kwa hiyo huenda ruhusa anayo. Lakini shujaa ninayemwandika mimi huona haya kuitumia, akasali zote nne. Nilijaza kurasa sita kwa haya hiyo peke yake.

Msomaji wa Mpigi alijibu:

Kwa ufupi tu: kumbukeni kwamba nchi hii ilikuwa na shujaa anayeruka kabla ya katuni yoyote. Masimulizi ya Baganda yanasema Kibuuka alipigana na Wanyoro akiwa ndani ya wingu, akiwatupia silaha kutoka juu, na aliuawa kwa sababu alivunja mwiko akamfunulia siri yake mwanamke mateka. Akaangukia mti huko Mbaale. Ukimleta mtu wa buluu anayetokea ndani ya moshi, mahujaji wako hawatamfikiria shetani peke yake. Kuna wazee watakaomkumbuka Kibuuka, na Kurt, akiwa Mkatoliki, itambidi aamue atakavyowajibu kwa heshima.

Kalamu ya Mukono aliandika tena:

Asanteni sana. Nimeifuta sura yote, hotuba na moshi pamoja.

Sasa Kurt anatembea kutoka Masaka, amejifunika blanketi, mkia ameuzungusha kiunoni, na ameweka nadhiri ya kutoruka hata hatua moja mpaka afike. Karibu na Lukaya, gizani, mama aliye mbele yake anajikwaa, na jerikeni tupu aliyoibeba kwa ajili ya maji ya Namugongo inabingirika hadi kwenye mtaro. Kurt anaiokota bila kufikiri, na mwanga wa lori linalopita unauangaza mkono wake. Mama anavihesabu vidole. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote amezoea kutoweka wakati kama huo, lakini nadhiri inamzuia, basi anabaki amesimama na jerikeni mkononi. Mama anamtazama kwa muda mrefu, kisha anamwambia aibebe yeye, kwa kuwa mgongo wake unamuuma. Wanaendelea kutembea. Mzee wa Kibuuka nitamtafutia nafasi kijiji kinachofuata.

Mzee Katekista, kitubio nimekiandika kama ulivyoshauri. Kurt anaungama hasira yake, na padri, badala ya kumkemea, anamuuliza: "Na wewe, ni nani aliyewahi kutaka kukuokoa ukakataa?" Nimekwama hapo tangu jana usiku. Ninajua kwamba hawezi kunyamaza, na jibu lake bado silisikii.