Naomba ushauri: kurekodi masomo kwenye kioo cha kompyuta yakapendeza bila kuhariri video

Mtunza Daftari:
Habari za wakati huu, wanajamvi. Ninawafundisha waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa kutunza hesabu kwa Excel, na kwa kuwa wengi wao wako vijijini na hawawezi kufika kila juma, nimeanza kuwarekodia masomo kwenye kioo cha kompyuta na kuwatumia kwa WhatsApp. Kompyuta mpakato yangu ina RAM ya GB 4, hivyo kila nikifungua programu ya kuhariri video inaganda. Somo la mwisho lilikuwa la dakika 27. Nilikosea fomula katika dakika ya 19, nikaanza upya, nikakosea tena. Je, kuna namna ya kurekodi ili kazi itoke ikiwa safi pale pale ninapomaliza, bila kuihariri kabisa?

Kalamu na Karatasi:
Inawezekana, ndugu yangu, ila kazi ya mhariri haipotei. Unaifanya kabla ya kurekodi. Achana kwanza na dakika 27. Gawa somo katika vipande vya dakika tatu au nne, kila kimoja kikijibu swali moja: namna ya kuingiza hisa za mwanachama, namna ya kukokotoa riba ya mkopo, namna ya kufunga hesabu za mwezi. Ukikosea unarudia dakika tatu tu, na muda huo ni mfupi kuliko wa kutafuta mahali pa kukata.

Jambo lililonisaidia mimi zaidi ya yote ni kuhifadhi nakala ya faili kwa kila hatua ya somo: moja ikiwa tupu, ya pili ikiwa na majina, ya tatu ikiwa na fomula. Kipande cha tatu kikiharibika, unafungua nakala ya tatu na kuanzia hapo hapo, bila kufutafuta seli huku watazamaji wakikungoja. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati zungumza kwa kufuata vidokezo, kwa maana mtu anayesoma neno kwa neno husikika kama anayesoma risala.

Sikio Moja:
Naomba niongeze kuhusu sauti, kwa sababu mtazamaji huvumilia picha hafifu kuliko sauti mbovu. Tumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi kioo na kurusha matangazo ya moja kwa moja, na uweke kichujio chake cha kupunguza kelele kwenye maikrofoni kabla hujaanza. Sauti itasafishwa wakati ule ule unapozungumza. Hata hivyo, kichujio hakiondoi mwangwi wa chumba kitupu. Rekodi kwenye chumba chenye kitanda na mapazia, maikrofoni ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Kipimo cha sauti cha OBS kina rangi tatu: sauti yako icheze kwenye njano, isiguse nyekundu. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha.

Mama Jedwali:
Mwalimu, wanafunzi wako wanatazama kwenye simu. Jedwali linaloonekana vizuri kwako, kwao ni mchwa. Kuza Excel hadi asilimia 150 au zaidi, ficha utepe wa juu usipouhitaji, ongeza ukubwa wa mshale wa kipanya katika mipangilio ya Windows, na uzime arifa zote. Mshale usiuzungushe ovyo. Upeleke mahali, uache utulie, ndipo uzungumze.

Kwa kuvuta seli karibu, ipo programu ndogo ya bure ya Microsoft iitwayo ZoomIt, inayokuza kioo na kukuruhusu kuchora mstari juu yake ukiwa unaendelea kurekodi. Tahadhari moja: inatumia vitufe vya Ctrl na 1, ambavyo katika Excel hufungua dirisha la kupangilia seli. Badilisha vitufe vya ZoomIt mapema, usije ukakwama katikati ya somo.

Mtunza Daftari:
Nawashukuru sana. Swali la nyongeza: umeme ukikatika nami betri imechoka, rekodi yote inapotea?

Kalamu na Karatasi:
Ukirekodi moja kwa moja katika MP4 ya kawaida, yaani aina ya faili la video iliyozoeleka, faili lisilofungwa vizuri linaweza kukataa kufunguka kabisa. Rekodi katika MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo hubaki salama hadi pale ilipokatikia, kisha OBS yenyewe itaigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Kuna pia kitufe cha kusitisha kwa muda, lakini hakipatikani ikiwa ubora wa rekodi umewekwa sawa na wa matangazo ya moja kwa moja. Ukisitisha ili ukohoe au unywe maji, usiguse kipanya. Mshale ukibaki pale pale, mahali ulipositisha hapaonekani.

Mama Jedwali:
Na unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama video ya kawaida hubanwa, na tarakimu ndogo ndizo huumia kwanza. Ukubwa wa picha wa 1280 kwa 720 na fremu 30 kwa sekunde unatosha, na hautamaliza bando la wanafunzi wala kuilemea kompyuta yako.

Mtunza Daftari:
Nimerudi kutoa mrejesho. Somo lile la dakika 27 limekuwa vipande saba. Cha riba nilikirudia mara nne, na jioni ile ile nilikuwa nimemaliza vyote. Mweka hazina mmoja amenipigia simu kuuliza kwa nini riba ya mwezi wa pili inakokotolewa juu ya salio, si juu ya mkopo wote. Hajauliza tena ni seli ipi niliyobonyeza. Kipande cha nane kitakuwa jibu lake, na nakala ya faili lake nimekwisha kuiandaa.