Kwa nini Uingereza iliweka mgao wa mkate mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha?

Mdadisi_77
Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo kuhusu Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili ambalo kila nikilisoma linanigomea. Miaka yote ya vita, nyambizi za Wajerumani zikizamisha meli za nafaka kwenye Atlantiki, mkate uliuzwa bila kuponi. Halafu Julai 1946, bahari ikiwa salama, serikali ya Waziri Mkuu Attlee, wa chama cha Labour, ndiyo inaweka mgao wa mkate. Imekuwaje?

Pili, kuponi zenyewe zilifanyaje kazi dukani? Vitabu vingi vinasema tu "kulikuwa na mgao", basi. Nataka kujua mteja alikwenda na nini, na mwenye duka alipataje mzigo mwingine. Tatu, kama walishinda vita, fedha zilikwenda wapi?

Ghala_Kuu
Mkuu, nianze na la pili, maana bila hilo la kwanza halieleweki vizuri.

Msingi wa mfumo ulikuwa uandikishaji wa taifa wa 29 Septemba 1939. Kila mkazi alipewa kitambulisho, na orodha hiyo ndiyo iliyotumika kutoa vitabu vya mgao. Mgao ulianza 8 Januari 1940 kwa bekoni, siagi na sukari. Nyama ikafuata Machi, chai Julai, jibini Mei 1941. Kulikuwa na kitabu cha mtu mzima, cha bluu kwa watoto wa umri wa shule, na cha kijani kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 5. Mwenye kitabu cha kijani alitangulizwa kwenye maziwa, machungwa na mayai.

Ukishapata kitabu unakwenda kujiandikisha kwenye duka moja kwa bidhaa hizi za msingi. Ruhusa ya kuchagua duka unayo, ila ukishachagua unanunua hapo hapo. Mwenye duka anakata kipande cha usajili kwenye kitabu chako na kukipeleka Ofisi ya Chakula ya mtaa. Ofisi inahesabu wateja wake na kumpa kibali cha kuchukua kwa muuzaji wa jumla shehena inayotosha idadi hiyo. Akiwa na wateja 400, analetewa siagi ya watu 400. Hii ndiyo sababu foleni za bidhaa za msingi zilikuwa fupi kuliko watu wanavyodhani: fungu lako lilikuwa tayari limeshafika dukani. Foleni ndefu zilikuwa za samaki, matunda na vitu vingine visivyokuwa kwenye mgao.

Viwango vilipanda na kushuka, lakini kwa mtu mzima kwa wiki chukua takriban hivi: bekoni wakia 4 (wakia 1 ni kama gramu 28), sukari wakia 8, siagi wakia 2, majarini wakia 4, chai wakia 2. Nyama haikupimwa kwa uzito, ilipimwa kwa bei: shilingi 1 na peni 2 kwa sehemu kubwa ya vita. Hapa walifikiri vizuri sana. Wangegawa kwa uzito, kila mtu angetaka steki na mifupa ingebaki buchani. Kwa bei, anayechukua sehemu za bei rahisi anaondoka na kilo nyingi zaidi.

Vyakula vya makopo visingeweza kugawiwa hivyo kwa sababu havikutosha kila mtu apate aina ileile. Kuanzia 1 Desemba 1941 wakaleta pointi: mwanzoni pointi 16 kwa mtu kwa wiki 4, unatumia duka lolote. Wizara ya Chakula ilipanga kila bidhaa ni pointi ngapi. Samaki wa kopo wa aina fulani akigombewa, pointi zake zinapandishwa. Bidhaa ikidoda ghalani, zinashushwa. Bei ya fedha haiguswi, kwa hiyo mwenye pesa nyingi hamzidi asiye nazo.

Matatizo yalikuwepo. Kuhesabu vipande vidogo vya karatasi kulikula muda wa wenye maduka, na mtu akihama mtaa ilibidi asajiliwe upya. Kulikuwa pia na bidhaa za chini ya meza kwa wateja wanaopendelewa. Nguo ni mfano wa siri iliyotunzwa vizuri: mgao ulitangazwa Jumapili 1 Juni 1941 na kuanza siku hiyo hiyo. Kuponi za nguo zingechapishwa mapema habari ingevuja, kwa hiyo walitumia kuponi za majarini zilizokuwa zimebaki kwenye kitabu cha chakula. Mtu alipewa 66 kwa mwaka, na suti ya mwanamume peke yake ilikula 26.

Unga_na_Pumba
Ghala_Kuu ameeleza vizuri. Sasa mkate.

Angalia tena viwango alivyotoa. Mchimba makaa ya mawe na karani wa benki wanapata siagi na sukari ileile. Mwili wa mchimba makaa unataka chakula kingi zaidi, na pengo hilo analiziba na mkate na viazi, ambavyo vilikuwa huru. Ndiyo maana Lord Woolton, Waziri wa Chakula kuanzia Aprili 1940 hadi Novemba 1943, alikataa kuugusa mkate. Mkate huru ndio uliowezesha fungu sawa kwa vitu vingine vyote. Ukiugawa mkate, lazima uanze kupanga nani anafanya kazi nzito na nani kazi nyepesi, na hapo ugomvi hauishi.

Walichofanya wakati wa vita ni kuivuta ngano yenyewe. Mwaka 1942 waliagiza vinu vitoe unga asilimia 85 ya uzito wa ngano. Ndio Mkate wa Taifa, wa rangi ya kijivu, ambao wengi hawakuupenda. Faida yake ni kwamba meli ileile ya ngano inatoa mikate mingi zaidi. Hasara yake huwa haitajwi: pumba inayobaki ni kidogo, na pumba ndiyo chakula cha nguruwe na kuku. Ukipandisha kiwango cha unga, bekoni na mayai vinapungua miezi michache baadaye.

Mwaka 1946 kila kitu kiligongana. Mavuno yalikuwa mabaya sehemu nyingi za dunia, India ilitishiwa na njaa, na Uingereza ilikuwa na jukumu la kulisha kanda yake ya Ujerumani, yaani sehemu iliyokaliwa na jeshi lake baada ya vita, yenye Hamburg na viwanda vya Ruhr. Machi 1946 mgao wa kawaida katika kanda hiyo ulishuka hadi takriban kalori 1,000 kwa siku. Wizara ilijaribu njia zote ndogo kwanza: unga ukapandishwa hadi asilimia 90 mwezi Mei, na mkate mkubwa ukapunguzwa kutoka ratili 2 hadi ratili 1 na wakia 12 (ratili 1 ni wakia 16). Mwezi huo huo Herbert Morrison, waziri mwandamizi wa Attlee, alikwenda Washington na kukubali Uingereza iachie tani 200,000 za ngano, Marekani nayo ikisaidia kulisha India na kanda ya Waingereza huko Ujerumani. Baada ya hapo akiba ya nyumbani ilikuwa nyembamba mno.

Mgao ulianza 21 Julai 1946 chini ya Waziri wa Chakula John Strachey, kwa kipimo kilichoitwa yuniti za mkate. Mtu mzima wa kawaida alipata yuniti 9 kwa wiki, mwanamume wa kazi nzito 15. Mkate mdogo ulikuwa yuniti 2, mkubwa 4, ratili moja ya unga 3. Yuniti zisizotumika ziliweza kubadilishwa kuwa pointi. Waokaji walitishia kutoshughulika na kuponi, wateja wakavamia maduka siku za mwisho kabla ya kuanza, na chama cha upinzani cha Conservative kikapata hoja ya kuipigia serikali.

Kwa maoni yangu mgao huu haukupunguza sana ulaji wenyewe, kwani yuniti 9 zilikaribia kile ambacho watu wengi walikuwa wakila. Nguvu yake ilikuwa mahali pengine: wizara ilipata udhibiti iwapo meli zingechelewa, na Washington iliona kwamba London haijifichii ngano. Uliondolewa Julai 1948. Katikati, Novemba 1947, viazi navyo vikawekewa kiwango cha ratili 3 kwa mtu kwa wiki. Yaani nguzo zote mbili za Woolton zilianguka wakati wa amani.

Pauni_na_Dola
Swali la tatu ni langu.

Vita viliiacha Uingereza bila njia ya kulipia mahitaji yake ya nje. Viwanda vilikuwa vimegeuzwa kutengeneza silaha, na mwaka 1944 ujazo wa bidhaa ilizouza nje ulikuwa kama theluthi moja tu ya ule wa 1938. Chakula na mafuta vilikuja kwa mpango wa Lend-Lease, ambao Marekani ilitoa mali bila kudai fedha taslimu. Agosti 1945, siku chache baada ya Japani kusalimu amri, Rais Truman wa Marekani akausitisha. Wakati huohuo Uingereza ilidaiwa takriban pauni bilioni 3.5 na nchi zilizoiuzia mali na huduma wakati wa vita, India na Misri zikiwa miongoni mwa wadai wakubwa.

Mchumi Keynes alikwenda Washington kwa niaba ya Uingereza na kurudi, Desemba 1945, na mkopo wa dola bilioni 3.75, pamoja na dola milioni 650 za kufunga hesabu za Lend-Lease. Riba asilimia 2, malipo ya miaka 50 kuanzia 1951. Kanada ikaongeza dola bilioni 1.25. Malipo ya mwisho kwa Marekani yalifanyika Desemba 2006, baada ya kuahirishwa miaka kadhaa.

Mtego ulikuwa kwenye sharti: mwaka mmoja baada ya mkopo kuanza, pauni inayopatikana kwa biashara ya kawaida iweze kubadilishwa kuwa dola. Tarehe ikawa 15 Julai 1947, nayo ilikuja wakati mbaya kuliko wote. Bei za Marekani zilikuwa zimepanda, hivyo mkopo ulinunua kidogo kuliko ulivyokusudiwa. Majira ya baridi ya mwaka huo theluji ilizuia makaa kufika kwenye mitambo ya umeme, viwanda vikafungwa, na zaidi ya watu milioni 2 wakakosa kazi kwa muda. Bidhaa za kuuza nje zikapotea. Mlango wa dola ulipofunguliwa, kila mwenye pauni alizikimbiza kwenye dola. Serikali iliufunga 20 Agosti, wiki 5 tu, mkopo ukiwa umekaribia kwisha. Septemba 1949 pauni ikashushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80.

Kwa hiyo ukiona mgao wa bekoni unapungua 1947, usitafute sababu shambani. Kilichopungua ni dola.

Kongwa_Reli
Niongezee upande ambao wasomaji wa kwetu wanapaswa kuujua. Uhaba huohuo wa dola na mafuta ya kupikia ndio uliozaa mradi wa karanga wa Tanganyika. Mpango ulikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, London ipate mafuta kutoka eneo la pauni, yaani nchi zilizofanya biashara kwa pauni, bila kutumia dola. Huko Kongwa udongo ulikauka na kuwa mgumu kiasi cha kula vyuma vya matrekta, mvua hazikutosha, na bandari ya Dar es Salaam pamoja na reli hazikumudu mizigo. Wizara iliyokuwa nyuma yake ni ileile ya Chakula, ya Strachey. Mwaka 1951 serikali ilifuta pauni milioni 36. Dola za kakao ya Gold Coast (Ghana ya leo) na mpira wa Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) nazo ziliingia kwenye chungu kimoja London, wakati makoloni yenyewe yakizuiwa kununua bidhaa za Marekani.

Mdadisi_77
Nashukuru sana, wakuu. La mwisho: ni sahihi kusema Churchill, kiongozi wa Conservative, aliondoa mgao baada ya kushinda uchaguzi wa 1951?

Ghala_Kuu
Nusu tu. Labour wenyewe waliondoa mkate 1948, nguo Machi 1949 na petroli Mei 1950. Peremende walizifungua Aprili 1949, zikaisha madukani, wakazirudisha kwenye mgao Agosti. Kilichowaumiza ni nyama: Februari 1951, wakati wa mvutano wa bei na Argentina, fungu la mtu mzima lilishuka hadi peni 8 kwa wiki, chini kuliko wakati wowote wa vita. Oktoba mwaka huo walipata kura nyingi kuliko Conservative lakini viti 295 dhidi ya 321.

Churchill naye hakufungua kwa siku moja. Chai ilitoka Oktoba 1952, peremende Februari 1953, sukari Septemba 1953, mafuta ya kupikia Mei 1954. Nyama ilikuwa ya mwisho, Julai 1954.